UZI: Ile stesheni ya roki ikifufuliwa, ndio itakuwa ile ile? Na Mombasa yaweza kubeba ya kwake?

#1 TudorKrik
Salaam wakuu. Hili jambo nimekaa nalo siku nyingi, leo nalitoa.

Nilisoma Nairobi, tulikuwa watatu chumba kimoja na redio moja ya betri, na hiyo redio mshale haukutoka 105.5, X FM, roki asubuhi roki usiku. Mimi nimelelewa Tudor, nyumbani ni taarab ya nyanya na chakacha za harusi, roki nilikuwa naipata kwa kaseti za ami yangu aliyekuwa akisafiri na meli, kaseti zimeandikwa kwa bairo ya kijani mpaka maandishi yakafutika kwa jasho la vidole. Sasa kusikia gitaa lile redioni mchana kweupe, na mtangazaji Mkenya anazungumza nawe kama jirani wa mlango wa pili, kwangu ilikuwa dunia mpya. Siku waliyopiga Parking Lot Grass nilisimama na mswaki mdomoni, kumbe roki yaimbika kwa Kiswahili!

Halafu ikaisha, 105.5 ikawa Smooth FM. Mimi nisharudi nyumbani wakati huo, mwenzangu ndiye alonipigia simu. Niliumia na naumia mpaka leo.

Sasa sisi watatu tuna laptopu, mikisa ya chaneli nne, maiki mbili na chumba cha uani kwa mamangu. Twataka kuanza stesheni ya onlaini hapa hapa Mombasa. Nauliza mawili: kwa nini stesheni za roki hufa hata zikiwa na watu wanaozipenda kufa kupona? Na ikifufuliwa, yawa ile ile au ni jina tu?

#2 Kisauni_Besi
Mimi nipo. Besi ninayo, ampu ndio iliingia maji wakati wa mvua. Jina la zamani msiguse lakini, jina lina mwenyewe.

#3 MamaFuraha
Hongera mwanangu. Ila roki na joto hili la Februari, hizo jaketi nyeusi mtazivaa saa ngapi 😂 Mimi nauza viazi karai Mikindani na redio yangu haizimwi tangu alfajiri, wateja wakisikia kelele hizo watadhani mafuta yamelipuka. Lakini nieleze, nyimbo zenyewe zasema nini? Kama zina la kusema nitazisikiza.

#4 Changamwe84
Nitajibu swali la kwanza kwa sababu nimekula chumvi. Nilikuwa nauza matangazo ya stesheni moja hapa kisiwani, siitaji. Unaingia kwa mwenye duka la jumla, soda yako mkononi, unamweleza kipindi, yeye swali lake ni moja tu, watu wangapi. Haulizi wanakupenda vipi. Wewe una wasikizaji elfu kumi ambao wangelala nje ya stesheni yako, mwenzako ana laki mbili wanaoacha redio iwake huku wakiosha vyombo, tangazo la sabuni litaenda kwa wa vyombo. Na ni haki yake, sabuni ni ya vyombo.

Roki haikosi wapenzi, hukosa wa kulipa. Hata Marekani ni hivyo hivyo, stesheni ya roki ya HFS ya Washington ilikufa 2004 na ilikuwa jina kubwa kuliko zote hizi.

#5 Kisauni_Besi
#4 hapo kwa soda nimeelewa yote

#6 MakadaraMaryland
Changamwe84 kaka umesema kweli ila tarehe si hiyo. Mimi mtoto wa Makadara niko Maryland miaka mingi, nilikuwepo. Ilikuwa tarehe 12 Januari 2005, saa sita mchana, si 2004. Nilikuwa kwenye gari la kazi nafikisha mizigo. Wakapiga wimbo wa Jeff Buckley wa kuaga, ukaisha, na papo hapo ikaanza muziki wa Kilatino, jina jipya El Zol. Hakuna kwaheri ya mtu. Nilishusha dirisha nikaona gari la kando yangu jamaa naye anapiga dashibodi kwa kiganja akidhani redio yake imeharibika.

Na nisikize, hii ndiyo sehemu inayonitatiza. El Zol ilishika. Walatino walikuwa wengi eneo lile na hawakuwa na FM kubwa ya kwao, wakaipata. Sasa mimi ni mgeni Marekani kama wao, nimwambie nini yule mama wa El Salvador aliyesikia lugha yake kwenye FM safi siku hiyo? Mimi nalia yeye anacheza, na sote tuna haki.

Jina la HFS lilirudi mwezi huo huo Baltimore kwenye 105.7, jioni na wikendi, baadaye likahamishwa hamishwa. Na ule mkutano wao wa muziki, HFStival, ulifanywa tena 2024 uwanja wa Nationals Park. Nilienda. Watu wazima wenye mvi wanaimba kwa machozi. Lakini redio yenyewe hakuna. Kwa hiyo swali lako la pili TudorKrik jibu langu ni hilo, chaweza kurudi kila kitu isipokuwa ile hali ya kufungua redio asubuhi ukaikuta.

#7 TudorKrik
#6 Ahsante sana kaka, umenigusa. Hapo kwa jamaa wa dashibodi nimejiona mwenyewe.

#8 Nyali_Kusi
Mnazunguka mbuyu. Kilichoua ni wenye mali kuwa wachache. Marekani mwaka 1996 walipitisha sheria mpya ya mawasiliano ikaondoa kikomo cha stesheni ambazo kampuni moja yaweza kumiliki nchi nzima, awali mwisho ulikuwa 40. Kampuni moja ya redio, Clear Channel, ikafika zaidi ya 1,200. Sasa mtu mwenye stesheni 1,200 hawezi kujua prezenta wa mji fulani anapenda bendi gani ya mtaani, anatuma orodha ya nyimbo kutoka makao makuu na inapigwa hiyo hiyo kila mahali. Roki ya redio ilikuwa hai kwa sababu ya mtu mmoja kichwa ngumu saa nne usiku anayepiga kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Ukimtoa huyo umebaki na mashine ya nyimbo. Kwetu pia kampuni moja yawa na stesheni nne tano jengo moja.

X FM ya Nairobi nayo si ilikuwa tawi la ile ya London?

#9 Mwembe_Tayari_Fundi
#8 hapana. X FM ya Nairobi ilikuwa ya Radio Africa Group. Ya London ilianza kama redio ya magendo ikapata leseni, ikafungua rasmi tarehe 1 Septemba 1997, siku moja baada ya Diana kufariki, fikiria kuanza redio siku kama hiyo. Mwaka wa pili ikanunuliwa na Capital ya huko, na Capital hiyo si hii yetu ya 98.4 iliyoanza Nairobi 1996. Ile ya London 2015 ikabadilishwa ikawa Radio X. Majina yamefanana tu.

Sasa kuhusu FM hapa kwetu, mimi ni fundi, nimepanda minara mingi. FM yaenda moja kwa moja kama jicho, kisiwa chetu ni tambarare ndio maana wengi hupeleka transmita juu Mazeras. Na mkanda wenyewe waanzia 87.5 hadi 108 basi, si bahari. Mamlaka ya Mawasiliano washasema masafa ya miji mikubwa yamekwisha. Kwa hiyo mwenye masafa ana kiwanja cha mbele ya barabara, hawezi kulima mchicha hapo hata kama anaupenda mchicha. Ataweka duka. Msiwalaumu sana waliobadilisha.

#10 Changamwe84
#6 nimekubali tarehe, shukran.
#8 wenye mali wachache ndio, lakini hata huyo kichwa ngumu wa saa nne usiku anataka mshahara, na tunarudi kule kule kwangu.

#11 Likoni_Tuktuk
Nyinyi mwaongea kama roki ni ya watu wa kizungu kizungu tu. Mimi naendesha tuktuk Likoni, shule niliishia darasa la nane, na kwa fleshi yangu kuna nyimbo zote za Linkin Park, ile bendi ya roki ya Marekani. Nilipofiwa na ndugu yangu 2009 nilikuwa na simu ndogo ya kuazima yenye nyimbo saba, moja ndio ilikuwa ya hao jamaa, maneno sikuyashika yote lakini ule ukelele wa yule kijana nilijua analia nini. Abiria wengine hushuka, wengine hukaa kimya mpaka mwisho wa safari halafu huuliza ni nani huyo. Mara moja mama mmoja mtu mzima na buibui lake aliniambia ongeza sauti. Wallahi.

Kwa hivyo sababu yangu mimi ni hii, stesheni za roki Kenya ziliongea na watoto wa shule za gharama. Hazikutuita sisi. Tungekuja.

#12 MamaFuraha
#11 pole sana kwa ndugu yako mwanangu. Mungu amrehemu.

#13 Kisauni_Besi
#11 weweee. Huyu ndiye prezenta wa kwanza, TudorKrik mwandike leo kabla hajachukuliwa.

#14 Nyali_Kusi
#11 nimekusikia na nakubali sehemu. Mimi nimekulia Nyali kweli na tulikuwa twaifanya kama chama chetu, ukiwa hujui jina la bendi unachekwa. Tulikosea. Ila X FM yenyewe ilipiga bendi za hapa, Murfy's Flaw, Last Year's Tragedy, hao si watoto wa London.

#15 TangaRaha
Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mnaongea masafa, mimi natokea Tanga na kuna usiku wa joto bahari ikiwa shwari nazinasa stesheni za Mombasa kabisa, mawaidha, taarab, matangazo ya magodoro. Asubuhi jua likipanda zinapotea. Mngekuwa hewani ningewanasa pia.

#16 Mwembe_Tayari_Fundi
#15 hiyo ni kweli na si bahati. Usiku kama huo hewa ya moto hulala juu ya hewa baridi iliyo karibu na maji, mawimbi yakifika pale yanapinda yanarudi chini badala ya kwenda zake angani, basi yanasafiri juu ya bahari kama yamo ndani ya bomba. Nasi huku hunasa Zanzibar na Pemba hivyo hivyo. Nikiwa mdogo Mji wa Kale mzee wetu alikuwa na redio ya National dirishani, antena imevunjika ameunga waya wa hanga ya nguo, hanga yenyewe imeshika kutu ya chumvi. Usiku wa namna hiyo hataki mtu apite mbele ya dirisha. Ukipita, Zanzibar inakatika, na kahawa hupati.

#17 Likoni_Tuktuk
Waya wa hanga 😂 sisi tulitumia kijiko

#18 Kisauni_Besi
sisi tulimsimamisha mdogo wangu

#19 TangaRaha
Haha, kila nyumba ilikuwa na mtoto antena. Kwetu nilikuwa mimi.

#20 Bamburi_Dada
Turudi kwa mada jamani. Mnasahau simu. Spotify ilifungua Kenya Februari 2021, YouTube ilikuwepo kitambo, kijana wa sasa akitaka roki anaandika jina la bendi linakuja. Redio ya nini? Mimi mwenyewe ni mpenzi wa metali tangu shule ya upili na sijawasha redio miaka, na sitafuti kuiwasha. Hiyo stesheni ilikufa kwa sababu sisi wenyewe tuliondoka tukiwa bado twasema twaipenda. Linauma lakini ndilo.

#21 MakadaraMaryland
#20 dada hilo laelezea sehemu, lakini HFS ilizimwa Januari 2005 na YouTube ilianza mwaka huo huo baadaye. Ilikufa kabla ya simu hizi.

#22 Bamburi_Dada
#21 sawa, hiyo ya kwenu nimekubali. Ya kwetu nabaki pale pale.

#23 Nyali_Kusi
Kuhusu onlaini kuna mfano ambao TudorKrik lazima aujue kabla hajatoa senti. WOXY, stesheni ya mji mdogo wa Oxford jimbo la Ohio Marekani, walianza roki ya altanativu 1983. Mwaka 2004 masafa yao 97.7 yakauzwa, wakasema sawa twahamia intaneti, na walifanya hivyo kabla ya wengi kuota. Wakakwama pesa, wakapata wawekezaji, wakakwama tena 2006, wakaokolewa, wakahamia Austin Texas 2009, na Machi 2010 wakanyamaza kwa mara ya mwisho. Wasikizaji walikuwa nao dunia nzima. Kila mara waliokolewa na mtu mwenye mfuko, na kila mara mfuko ulichoka.

#24 Mwembe_Tayari_Fundi
#23 ndio, ila hesabu za mwaka ule si za leo. Kurusha wakati huo kulikuwa ghali, sasa programu kama Icecast ni bure kabisa na seva ndogo ni bei ya chakula cha mchana mara kadhaa kwa mwezi. Mzigo siku hizi umehamia kwa msikizaji. Fanyeni hesabu: strimu ya kilobiti 128 kwa sekunde yala kama MB 58 kwa saa. Mama Furaha akiwasha saa nane kwa siku hiyo ni karibu MB 460, bando la siku limekwenda na viazi havijaisha. Ukishusha mpaka 32 kwa kodeki ya AAC, yaani namna ya kubana sauti, yala kama MB 14 kwa saa, na kwa redio ya jikoni masikio hayatalalamika sana. Gitaa litapoteza makali kidogo, matoazi ndiyo yataumia zaidi, yanakuwa kama mtu anakaanga. FM haikumdai mtu bando. Hapo ndipo onlaini inapowakosa watu wa #11.

Na msisahau leseni ya muziki, ile ya vyama vinavyokusanya malipo ya wasanii. Msianze kwa wizi wa kazi za wasanii halafu mseme mnaupenda muziki.

#25 Likoni_Tuktuk
14 kwa saa hiyo naweza. 58 siwezi.

#26 Changamwe84
Kuna moja ilifufuka vizuri bila tajiri. BBC 6 Music, redio ya muziki ya Uingereza, ilianza 2002, mwaka 2010 wakubwa wa BBC wakataka kuifunga, watu wakaandika barua, wakaandamana, na kelele zile zile zikaipandisha kutoka wasikizaji laki saba hivi mpaka zaidi ya milioni. Julai mwaka huo bodi ikakataa kuifunga. Ipo mpaka leo.

#27 Bamburi_Dada
#26 hiyo haikufufuka, haikufa. Na yalipwa na leseni ya televisheni inayolipwa majumbani Uingereza, haihitaji sabuni yako.

#28 Changamwe84
#27 umenishika. Basi chukua Live 105 ya San Francisco. Roki tangu 1986, 2017 wakaondoa jina, 2021 wakaigeuza kabisa ikaitwa Dave FM, 2023 wakarudisha Live 105 kwenye masafa yale yale. Na Q101 ya Chicago ilizimwa 2011, masafa yakawekwa habari, habari zenyewe hazikudumu, roki ikarudi 2014 na lile jina la Q101 likarudi 2022. Mwenye mali akiona jina bado lina nguvu hulirudisha.

#29 MakadaraMaryland
#28 na kila moja ya hizo ilirudi na masafa yake. TudorKrik hana masafa na hana jina. Sisemi asifanye. Nasema asiite kufufua. Anazaa.

#30 Kisauni_Besi
#29 mzee wa Makadara leo umeamka vizuri

#31 TudorKrik
Nimesoma yote mara mbili. Jina la X tumeliacha kwa heshima ya wenyewe. Tumejaribu kuchagua jipya tukagombana saa nzima, mmoja ataka Kusi, mwengine ataka Distoshen, mamangu kapita na sinia ya mahamri kasema iteni Kelele za Uani, na mpaka sasa ndilo linaongoza.

Leo saa mbili usiku tunarusha majaribio, saa moja tu, 32 kama alivyosema Fundi. Bendi za hapa tumeziomba ruhusa wenyewe, wawili wamekubali, mmoja ni vijana wa Mtwapa ambao hawajawahi kupigwa popote. Likoni_Tuktuk ukiweza kuja uje, ile hadithi ya nyimbo saba nataka uiseme kwa mdomo wako. Linki nawatumia kwa ujumbe.

#32 Likoni_Tuktuk
Nakuja. Feri ikiwa na foleni nitachelewa, msianze.

#33 Bamburi_Dada
Nitumie linki. Bado nasema watu hawatakaa, lakini nitumie.

#34 Mwembe_Tayari_Fundi
Saa mbili na dakika nne. Nimewapata. Mvumo upo chini, ni waya wa umeme umelala sambamba na waya wa maiki, utenganisheni, mkilazimika kuvikatisha vikate kama msalaba. Gitaa lenyewe safi.

#35 TangaRaha
Nimewapata Tanga. Leo bila kungoja bahari itulie.

#36 MakadaraMaryland
Huku ni mchana, niko kwenye gari la kazi tena. Nimeegesha kando. Huyo kaka wa Likoni anapozungumzia ndugu yake msimkatize na wimbo, mwacheni amalize.

#37 Kisauni_Besi
Hao wa Mtwapa ni akina nani??? Ngoma yao ina msondo ndani au nasikia vibaya? Mpigaji besi anataka msaada lakini niko tayari

#38 MamaFuraha
TudorKrik mwanangu, hapa kwangu sauti yatoka spika ya kushoto tu, ya kulia kimya. Nimeipiga piga bado. Na kuna kijana amekaa na sahani yake tangu ile ya pili aniuliza hii ya sasa yaitwaje.